Mkwe Wangu na Kilima cha Karema

Mimi si mtu wa kuchanganyikiwa ovyo. Ni seremala. Ukinipa kipimo cha mlango, nakupa mlango. Lakini ule mwaka tuliopanga kwenda Karema kupanda kilima chenye boma la zamani, nilikaa miezi mizima sielewi kichwa wala miguu, na hasira nilizokuwa nazo zingetosha kuwashia moto wa matofali.

Boma la Karema kila mtu wa Mpanda alikuwa analijua, hata ambaye hajawahi kutoka mtaani kwetu Kawajense. Wazungu wa kwanza walilijenga juu ya kilima zamani sana, ziwa likiwa bado linapiga pale chini, halafu mapadri wakalichukua wakaligeuza misheni. Walimu walilisimulia shuleni, na waliotoka huko kwenye sikukuu walilisimulia kilabuni. Mtu akikwambia amefika Karema, unamuuliza kwanza kama alipanda kilimani. Akisema hakupanda, basi hakufika, amepita tu.

Sisi hatukuwa tunakwenda kutazama ukuta. Kwenye mteremko wa kile kilima, upande wa ziwani, kulikuwa na kaburi la dada mkubwa wa mke wangu. Alikufa kwa surua akiwa mdogo, kabla mke wangu hajazaliwa. Aliyejua mahali penyewe alikuwa amebaki mtu mmoja tu, mama mkwe wangu. Mume wake alishakufa, waliochimba kaburi walishakufa, na ndugu waliobaki walihamishwa na ile operesheni ya vijiji wakatawanyika. Yeye mwenyewe operesheni ilimleta kijiji cha Magamba, karibu na kwetu. Sasa sisi tukapata mtoto wa kike, na jina akapewa la yule marehemu. Mama mkwe akatuma neno: mwenye jina lazima wazazi wake wapajue anapolala somo wake. Na akasema tufanye upesi, maana macho yake yameanza kuingia ukungu, na yakifunga, kaburi nalo limepotea.

Hilo nililielewa. Isitoshe, yule mtoto alikuwa analia mpaka majirani wakaanza kutoa maoni. Jina linadai, walisema. Mimi nilikuwa nawajibu kwamba linalodai ni tumbo, lakini moyoni nilikuwa nataka tuende tumalize.

Tatizo likawa kupanga. Kwa desturi ya kwetu, na ya kwao vilevile, mkwe hakaribiwi. Nikikutana na mama mkwe njiani, naingia porini nampa mgongo mpaka apite. Yeye naye anavuta kanga usoni anapita upande wa pili. Sikuwahi kula mbele yake. Jina lake sikulitamka hata siku moja, na neno lake kwangu lilipita kwa mke wangu, langu kwake likapita hukohuko. Ungeniuliza enzi hizo mama mkwe wangu ana sura gani, ningekujibu kwamba ana kanga. Watu wa siku hizi wananicheka nikisimulia haya, lakini ndiyo ilikuwa heshima, na mimi sikuona ubaya wake mpaka tulipotaka kusafiri pamoja.

Mke wangu akawa kiguu na njia, Kawajense na Magamba, mtoto mgongoni. Safari ya kwanza alirudi na neno kwamba tungoje nyasi zichomwe, maana kaburini hapataonekana. Sawa. Nikaenda kwa dereva mmoja mtu wa Ujiji, aliyeendesha lori la kufuata dagaa Karema, tukaelewana. Hakuwa na utingo wakati ule, aliyekuwepo alikuwa amekwenda kwao kuoa. Tukakubaliana kwamba mimi nitapakia na kushusha mizigo, na yeye atatuchukua, mama akae mbele.

Nyasi zikachomwa. Mke wangu akaenda, akarudi.

"Mama anasema tusiondoke alfajiri. Anataka tupande kilima jua likiwa kali."

"Kali la nini? Anakwenda kuanika mihogo?"

"Ndivyo alivyosema."

Nikarudi kwa dereva. Dereva akaniuliza kama lori ni la mkwe wangu au la tajiri wake. Wiki ile lori likaondoka bila sisi.

Safari nyingine neno lilikuwa kwamba watu wasiwe wengi, asije shangazi wala nani, twende sisi tu. Mimi shangazi nilikuwa nimeshamwambia, ameshafua nguo. Ikabidi nimwombe radhi, na shangazi wa mke si mtu wa kuombwa radhi akanyamaza. Halafu likaja neno kwamba kwenda si lazima, tunaweza kusali tu nyumbani. Nikamwambia mke wangu, haya, tumepumzika. Sijamaliza hata meza niliyokuwa natengeneza, likaja lingine: mama anauliza mbona hatumpeleki, au tunangoja afe.

Siku hiyo niliweka randa chini.

"Mama yako anataka kwenda au hataki?"

"Anataka."

"Sasa anakataa nini?"

"Hajakataa."

"Wewe unamwelewa?"

Mke wangu akamhamisha mtoto bega, akafikiri. "Simwelewi," akasema. "Lakini ni mama."

"Na macho yake je?"

"Anasema ni ukungu tu. Nikifika namkuta ameshawasha moto, anapepeta, anachota maji mtungini. Haniombi chochote."

Basi nikaanza kutafuta sababu mwenyewe, na mtu akitafuta sababu akiwa na hasira anaokota ile inayomuuma. Nikajiambia ananidharau. Mtu wa ukoo wa Karema, aliyelelewa karibu na mapadri, atapelekwaje na fundi wa vitanda, tena juu ya lori la dagaa. Nikaona dawa ni kumaliza ule umbali. Desturi inao mlango: mkwe akitoa zawadi na wazee wakikubali, mwiko unafunguliwa, mnasalimiana, mnaweza kupanda gari moja. Nikanunua kanga doti moja na kuku mweupe, nikampa mke wangu apeleke.

Kuku alipokewa. Kanga zikarudi.

"Anasema tuheshimiane vilevile," mke wangu akasema, hanitazami.

Nilizishika zile kanga sijui niziweke wapi. Niliuliza wazee wawili maana yake. Mmoja akasema nimekubaliwa nusu. Wa pili akasema nimekataliwa, na kuku ameliwa kwa sababu kuku harudishwi. Niliumia, sitasema uongo. Mtu unajitahidi kumfikisha mama wa watu kwenye kaburi la mwanawe, na yeye anakuweka mbali kama mwenye upele.

Mwishowe mke wangu akanishika shavu, akasema tupange mara ya mwisho, na safari hii asimuulize mama. Atamwambia tu siku. Yeye mwenyewe na mtoto watakaa mbele na mama, atamshika mkono kupanda, mimi nitafuata kwa mbali nione mahali. Mpango ulikuwa mzuri, hata dereva aliusifu.

Asubuhi ya safari mtoto akaamka na homa. Si ya kutisha, lakini huwezi kumpakia mtoto wa homa kwenye lori ukampitisha njia ya Kasekese na vumbi lile. Lori linanguruma nje, dereva anapiga honi.

"Nenda wewe," mke wangu akasema.

"Mama atashikwa mkono na nani?"

"Utingo."

"Lori halina utingo."

Akanitazama, nikamtazama. "Basi dereva," akasema. "Nenda, baba. Tukiacha leo hatutakwenda tena."

Nikaondoka nimevaa lile koti langu la kazi, kichwani nimefunga kitambaa cha vumbi. Tukazunguka Magamba kumchukua mama. Nilipanga nishuke upesi, nipande nyuma kwenye magunia, nigeukie upande wa pili, yeye atoke ndani apande mbele kwa raha zake. Lakini turubai lilikuwa limelegea, nikawa chini nafunga kamba, dereva anapaza sauti kwamba mtoto ana homa na binti amebaki naye, na yeye akatoka.

Nikafanya inavyotakiwa. Nikampa mgongo, nikaingia kwenye mabua ya mahindi kando ya nyumba. Nikasikia hatua zinakuja. Nikasogea zaidi, mabua yakavunjika chini ya viatu, na hatua zikageuka zikanifuata. Nikatoka upande wa zizi la mbuzi. Akaja zizini. Nikazunguka nyuma ya lori, nikamsikia naye anazunguka, mkono unapapasa ubao wa lori. Dereva alikuwa anatia maji kwenye rejeta, akaacha kutia akashika tumbo kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilijiuliza aibu gani hii, aliyenirudishia kanga ili tuheshimiane leo ananifukuza uwanjani mchana kweupe. Nikadhani labda amerukwa na akili. Nikadhani labda ni mimi.

Mgongo wangu ukagota kwenye tairi. Akanyoosha mkono, akanikamata ukosi wa koti.

Hapo ndipo nilipouona uso wa mama mkwe wangu, mara ya kwanza. Kanga ilikuwa begani. Ulikuwa uso wa mke wangu uliozeeka, hata nyusi zilikunjika mahali palepale. Macho yalikuwa wazi, yameelekea juu ya bega langu, na yote mawili yalikuwa meupe.

"Wewe ndiye utingo?" akauliza.

Nikatoa mguno. Ndicho kilichotoka.

"Nimekusikia unahangaika na kamba. Nionyeshe mlango, mwanangu." Halafu akanivuta karibu, akashusha sauti. "Nikuombe kitu. Mimi sioni. Macho yamefunga kabisa kiangazi hiki. Binti yangu hajui, na mkwe wangu asijue. Ni mtu wa hasira yule, na ana haki. Akijua sioni atasema tunakwenda kuona nini, ataacha safari. Sasa mkwe hanikaribii, atakaa huko mbali. Wewe nishike mkono tu, nitakutajia alama, utakuwa macho yangu. Nisipomfikisha mtu pale mwaka huu, mwanangu atakuwa amelala na hakuna anayemjua."

Jamani, ningefanya nini? Nikifungua mdomo, atajua ameshika mkono wa nani, na aibu hiyo ingemrudisha ndani na mlango angefunga. Nikiutoa mkono wangu, ataanguka. Dereva, ambaye alishaacha kucheka, alisikia yote. Akafunga boneti taratibu, akasema kwa ile sauti yake ya Ujiji:

"Mama, huyo utingo wangu ni bubu. Lakini anasikia, na ana nguvu. Usiwe na wasiwasi."

"Mungu amsaidie," akasema mama, akanipapasa kiganja.

Nikampandisha mbele, nikafunga mlango, nikapanda nyuma. Njia nzima nilikaa kwenye magunia matupu nikila vumbi, nayapanga upya maneno yote ya miezi ile. Nyasi zichomwe, kwa sababu alikuwa bado anaona weusi na weupe. Jua kali, kwa sababu kwenye jua kali alikuwa bado anapata kivuli cha kitu. Watu wachache, ili wasije wakamgundua. Si lazima, hiyo ilikuwa siku yalipofunga kabisa. Mbona hamnipeleki, hiyo ilikuwa siku aliyokata shauri kwenda hivyohivyo. Na kanga zangu alizirudisha kwa sababu mwiko ukifunguliwa ningekaa mbele yake nimtazame usoni. Mwaka mzima nilimheshimu mtu kwa kumpa mgongo, nikadhani yeye naye anapita upande wa pili. Kumbe alikuwa anapapasa njia.

Ungedhani kujua kungenituliza. Wapi. Hasira zilibaki bila mtu wa kumkasirikia, na nikachanganyikiwa zaidi ya mwanzo. Sasa tulikuwa tunakwenda kutafuta kaburi lisilo na msalaba, anayelijua haoni, anayeona halijui, na wawili hao hawaruhusiwi kusemezana.

Tulifika Karema jua limeanza kuinama. Dereva akaenda kushughulikia dagaa zake, akanikonyeza, akaniachia mama. Nikamshika mkono tukapanda. Lile boma nililosimuliwa tangu utoto lilikuwa mbele yangu, ukuta wake mpana, ziwa limelala chini hadi usiuone mwisho wake, na mimi sikulitazama. Nilikuwa natazama miguu ya mama, mawe, mizizi, mahali pa kukanyaga. Tuliweka utaratibu: anachouliza kama kipo, namminya mkono. Kama hakipo, natulia.

"Kona ya ukuta, ya upande wa ziwani?"

Nikaminya.

"Shuka kidogo. Kuna mti mkubwa mkono wa kushoto."

Hapakuwa na mti. Nikatulia.

Akasimama. "Mti upo, utingo. Tazama vizuri."

Nikatazama. Palikuwa na majani yaliyoungua, mawe, na mbuzi wa watu. Mti haukuwepo, wala kisiki sikukiona. Nikatulia tena. Nikauona uso wake unageuka huku na huku kama mtu aliyeitwa na watu wawili. Nilitamani nimwambie, mama, wameukata, si wewe umekosea. Sikuweza. Nikamminya mkono bila kuulizwa, sijui nilikuwa namjibu nini.

Akauachia mkono wangu. Akapiga magoti kwenye majivu ya nyasi, akaanza kutambaa akipapasa, jiwe moja baada ya lingine, analiokota, analigeuza, analiacha. Nami nikatambaa pembeni yake naondoa miiba. Kanga yake ikawa nyeusi kwa masizi. Sijui tulikaa hapo muda gani. Nilishaanza kukata tamaa, na nilishaanza kufikiri nitamwambia nini mke wangu, alipotulia, mikono yote miwili chini.

Palikuwa na jiwe lililozama nusu. Akafukua kwa vidole, akapitisha kiganja juu yake, taratibu, mbele na nyuma, kama mtu anayesaga. Lilikuwa kipande cha jiwe la kusagia, limelika katikati.

"Hili lilikuwa langu," akasema. "Nilisagia uji wake hapa. Lilipovunjika, alikuwa ameshakufa, nikalileta. Nilisema msalaba wa mti utaliwa na mchwa." Akakaa chini kabisa. Hakulia. Alilisafisha jiwe kwa upindo wa kanga, muda mrefu, mpaka likang'aa.

Halafu akasema, "Utingo, mkwe wangu yuko wapi? Kamwite. Asimame mbali inavyotakiwa, lakini apaone."

Nikaondoka. Nikapanda mpaka kwenye kona ya ukuta, nikatua pale, nikavua kile kitambaa cha vumbi, nikavua lile koti. Nikajifuta majivu magotini. Halafu nikashuka tena kwa mwendo wangu mwenyewe, nikasimama mahali mkwe anaposimama, nikakohoa.

Mama akavuta kanga usoni. Akaugeuza uso upande wa ziwa, kama inavyompasa.

"Utingo," akasema, "mwambie mkwe wangu mtoto yuko hapa, chini ya jiwe hili. Mwambie asilisahau."

Akangoja. Upepo wa ziwani ulikuwa unavuma, na hapakuwa na mtu mwingine kilimani. Utingo hakuwepo, na hata angekuwepo alikuwa bubu. Nilijua nikinyamaza mama atadhani sikuja, na nikisema nitakuwa nimevunja kitu nilichokitunza tangu nimwoe binti yake.

"Nimepaona, mama," nikasema. "Nitamleta mwanangu. Nitamwonyesha mwenyewe."

Hakunigeukia. Kanga ilibaki palepale usoni. Akaweka mkono juu ya jiwe, kisha akaitika kidogo, "Ee." Halafu akanyoosha mkono wake mweusi wa masizi upande ule mwingine, pale utingo alipokuwa amepiga magoti, ingawa hatua alizosikia zikirudi zilikuwa za mtu mmoja tu.

"Haya, utingo," akasema. "Nishushe."

Nikaenda upande ule, nikaushika.